Kwa nini mawaridi huinamisha shingo na mimea ya chungu hupukutisha majani: jibu kwa mkulima mdogo wa maua

Swali la msomaji: Ninapanda maua machache kwa ajili ya kuuza na kupambia sherehe, yaani mawaridi, karnesheni, gerbera na gladiola. Huyakata asubuhi na kuyatia katika ndoo za maji yenye sukari, lakini mawaridi mengi huinamisha shingo siku ya pili au ya tatu kabla hayajafunguka, na petali za karnesheni hujikunja kwa ndani kana kwamba ua limelala. Pia nina mimea ya chungu inayopendeza sana ikiwa bustanini, lakini wanunuzi hulalamika kwamba wiki chache baada ya kuiingiza ndani hupukutisha majani. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu msomaji, umeeleza dalili zako kwa uangalifu, na hilo limerahisisha kazi yangu, kwa kuwa kila dalili uliyoitaja ina chanzo chake na hazitibiwi zote kwa dawa moja. Hata hivyo, kuna jambo ambalo swali lako halikuligusa, nalo ndilo la kwanza kuangaliwa: baada ya kukatwa, maua yako hukaa mahali penye joto kiasi gani, na kwa muda gani, kabla ya kumfikia mnunuzi? Wakulima wengi huanza kwa kutafuta kitu cha kutia majini, ilhali sehemu kubwa ya umri wa ua hupotea katika saa chache za mwanzo, wakati ndoo ingali imesimama juani au maua yakiwa yamelundikwa nyuma ya gari.

Ua lililokatwa bado ni kiumbe hai. Linaendelea kupumua, na kila linapopumua linatumia akiba ya sukari na wanga iliyokuwamo ndani yake siku lilipotenganishwa na mmea. Akiba hiyo haiongezwi tena na mizizi wala, kwa kiasi cha maana, na majani machache yaliyobaki. Kasi ya matumizi hayo hutegemea joto kuliko kitu kingine chochote. Kwa wastani, upumuaji huongezeka mara mbili hadi tatu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazopanda, kwa hiyo ua linalokaa katika nyuzi 20 hutumia akiba yake mara nne hadi tisa haraka zaidi kuliko lile linalokaa karibu na nyuzi sifuri. Waridi lililosahauliwa juani asubuhi nzima linaweza kuonekana zima likitiwa majini, lakini muda lililoupoteza haurudi, hata ukilitilia dawa ya namna gani.

Ndiyo maana wale wanaosafirisha maua mbali hutumia gharama kubwa zaidi kwenye baridi. Mawaridi, karnesheni na krisanthemu huhifadhiwa katika nyuzi 0 hadi 2, na gladiola katika nyuzi 2 hadi 5, huku unyevu wa hewa ukiwa asilimia 90 hadi 95 ili petali zisikauke. Mkulima mdogo asiye na chumba cha baridi anaweza kufanya mengi bado: kukata mapema kabla jua halijapanda, kuingia bustanini na ndoo yenye maji badala ya kukusanya maua mkononi, kuyapeleka kivulini kila ndoo inapojaa, na kuyaweka katika jokofu la kawaida usiku kucha kabla ya kuuza. Jokofu la nyumbani lina nyuzi 4 hivi, ambazo si mbaya hata kidogo, ila hewa yake ni kavu, kwa hiyo funika maua kwa karatasi au mfuko usiobana. Yatangulie kupoa ndipo yafungashwe. Maua yaliyofungashwa yangali na joto hupoa polepole sana ndani ya sanduku, kwa kuwa yenyewe yanazalisha joto yanapopumua, na mvuke wake hugeuka matone juu ya petali. Matone hayo ndiyo yanayofungua njia kwa ukungu wa kijivu unaoitwa botritisi, ambao huanza kama madoadoa madogo na kumaliza ua zima.

Tahadhari moja hapa ni ya lazima. Maua yenye asili ya nchi za joto hayavumilii baridi hiyo: anthuria huhitaji nyuzi 12 au zaidi, na heliconia na aina nyingi za okidi huharibika zikiwekwa pamoja na mawaridi. Dalili huwa ni weusi au ubuluu unaotanda kwenye petali, na mara nyingi huonekana baadaye, ua likishatolewa kwenye baridi, kiasi kwamba mwenye nalo hulaumu maji. Ukija kuongeza maua ya namna hiyo bustanini kwako, yatengee mahali pake.

Sasa nije kwenye shingo za mawaridi, ambazo naona ndizo zinazokuumiza zaidi. Waridi huinama kwa sababu majani na petali zinapoteza maji kwa kasi kubwa kuliko shina linavyoweza kuyapandisha, na sehemu ya kwanza kulegea ni kikonyo kilicho chini tu ya ua, kwa kuwa hapo ndipo penye tishu laini kuliko sehemu nyingine za shina. Mara nyingi sababu tatu hukutana. Ya kwanza ni kukata mapema mno. Ukikata tumba ambalo bado limekaza, kikonyo chake hakijakomaa wala kuwa kigumu vya kutosha, hivyo hakina uwezo wa kusimama maji yanapopungua. Subiri hadi sepali, yaani vile vijani vya kijani vinavyolizunguka tumba, ziwe zimejikunja kushuka chini, na petali moja au mbili za nje ziwe zimeanza kuachia. Mawaridi ya njano hukatwa mapema kidogo kuliko mekundu, na meupe huachwa yafunguke kidogo zaidi.

Sababu ya pili ni hewa. Ndani ya shina mna mirija myembamba ambamo maji huvutwa kwenda juu kwa nguvu ya mvuke unaotoka kwenye majani. Mara unapokata, mvuto huo hunyonya hewa badala ya maji, na kipovu kinachoingia hukaa kama kizibo. Kwa hiyo kila shina likatwe tena, sentimita 2 hadi 3 kutoka mwisho, ikiwezekana ncha ikiwa imezama ndani ya maji, kisha liingizwe chomboni bila kuachwa likauke. Tumia kisu au mkasi wa bustani wenye makali ya kweli, maana mkasi butu hubana mirija ileile unayotaka kuifungua. Kuponda ncha ya shina kwa nyundo, desturi ambayo bado inafundishwa, kunadhuru: huvunja mirija na kumwaga utomvu ambao huwa chakula cha bakteria. Nakuomba uiache kabisa. Kukata kwa mshazari kuna faida ndogo ya kuzuia shina lisikae bapa kwenye kitako cha chombo; usidhani kwamba kunaongeza sana unyonyaji wa maji.

Sababu ya tatu, na kwa mashaka yangu ndiyo kubwa kwako, ni bakteria. Ulisema unatia sukari majini, lakini hukutaja kitu chochote cha kuzuia vijidudu. Sukari peke yake ni chakula cha bakteria kabla haijawa chakula cha ua. Ndani ya siku moja au mbili, katika maji ya vuguvugu, bakteria huongezeka kwa mamilioni, nao pamoja na ute wanaoutoa huziba ncha za mirija. Basi waridi linakuwa na kiu huku limesimama ndani ya ndoo iliyojaa maji. Maji ya ndoo ambayo usingethubutu kuyanywa hayafai kwa maua yako pia. Sugua ndoo kwa sabuni na kuzisuuza kwa maji ya klorini kila unapozitumia, na ondoa majani yote yatakayozama, kwa kuwa hayo huoza kwanza.

Kwa ndoo za kuhifadhia saa chache au usiku mmoja, sukari haihitajiki. Tia dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, ile isiyo na harufu wala sabuni. Kama nguvu yake ni asilimia 5, mililita 1 katika lita 1 ya maji hutoa miligramu 50 za klorini kwa lita, kiasi kinachotosha kuzuia bakteria bila kuchoma mashina. Sukari ina nafasi yake katika chombo cha mnunuzi, ambako tumba linahitaji nguvu ya kufunguka. Hapo changanya gramu 10 za sukari, vijiko viwili vya chai vya maji ya limau na mililita 1 ya klorini hiyohiyo katika lita nzima ya maji. Asidi ya limau hushusha pH ya maji (kipimo cha uchachu; kadiri kinavyoshuka ndivyo maji yanavyokuwa machachu), na maji yenye pH kati ya 3.5 na 4.5 hupanda kwa urahisi zaidi ndani ya shina na kuwabana bakteria. Kamwe usichanganye klorini na limau vikiwa bado havijazimuliwa kwa maji, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Tia kimoja ndani ya maji mengi, koroga, ndipo utie cha pili. Mchanganyiko ubadilishwe kila baada ya siku mbili, na mashina yakatwe kidogo tena. Unga wa kuhifadhia maua unaouzwa kwenye pakiti ndogo una mambo hayo matatu, yaani sukari, asidi na kizuia vijidudu, vikiwa vimepimwa sawasawa, na ukitumiwa kwa kipimo kilichoandikwa ni bora kuliko mchanganyiko wa nyumbani. Sarafu za shaba zinazowekwa chomboni hazisaidii.

Kama waridi limeshainama lakini petali bado nzima, usilitupe. Likate upya, lifunge kwa karatasi ili shingo inyooke, ulilaze lote, ua na shina, ndani ya maji safi kwa saa moja hivi. Mara nyingi hunyanyuka, kwa sababu petali na majani huacha kupoteza maji wakati shina linajijaza.

Gerbera nayo ina shingo inayoanguka, lakini haihifadhiwi kama waridi. Shina lake lina vinywele na huoza upesi, kwa hiyo lisimamishe katika maji yasiyo na kina, sentimita 5 hadi 7, yenye klorini. Gerbera huvunwa kwa kung'olewa kwenye kitako badala ya kukatwa, lakini kile kitako kigumu kinachokuja na shina ni lazima kiondolewe kabla ya kutiwa majini, maana hakipitishi maji vizuri. Gerbera na gladiola pia huumizwa na floridi iliyomo katika baadhi ya maji ya bomba. Ukiona ncha za petali au majani zinaungua bila sababu nyingine, jaribu maji ya mvua. Maji yaliyolainishwa kwa chumvi ya sodiamu nayo hayafai kwa mawaridi na karnesheni.

Gladiola ina tabia yake ya pekee: ncha yake hutafuta juu daima, hata baada ya kukatwa, hivyo ukiilaza kwa saa kadhaa itajipinda na haitanyooka tena. Isafirishwe ikiwa wima. Ikatwe wakati maua mawili au matatu ya chini yanaonyesha rangi, kisha, ukitaka maua ya juu nayo yafunguke, isimamishe usiku mmoja katika maji yenye sukari asilimia 20 na kizuia vijidudu. Kiasi hicho kingeunguza majani ya waridi, lakini gladiola hukistahimili, na matokeo yake yanastahili taabu hiyo.

Karnesheni zako kulala ni habari nyingine kabisa, na hapa maji hayana hatia. Petali za karnesheni zinazojikunja kwa ndani ni dalili ya ethilini, gesi isiyoonekana ambayo mimea yenyewe huitoa inapozeeka na matunda huitoa kwa wingi yanapoiva. Mwaka 1901 Dimitry Neljubow, mtafiti wa St. Petersburg, alionyesha kwamba ethilini iliyokuwamo katika gesi ya taa ndiyo iliyokuwa ikipotosha ukuaji wa miche ya njegere maabarani. Na mwaka 1934 Richard Gane akathibitisha kwamba matunda yanayoiva huitengeneza yenyewe. Kwa karnesheni, kiasi kidogo mno cha gesi hii, hata sehemu moja katika milioni ya hewa, kikidumu siku nzima kinatosha kulifunga ua lisifunguke tena. Mbaya zaidi, ua lililoguswa huanza kutoa ethilini yake na kuambukiza majirani. Delfinia, alstromeria, jipsofila na okidi nyingi zina udhaifu huohuo, na okidi iliyochavushwa hunyauka haraka kwa sababu uchavushaji wenyewe huamsha gesi hii.

Jiulize, basi, karnesheni zako hukaa karibu na nini. Ndizi, embe, tofaa au parachichi lililoiva ndani ya jokofu moja na maua, moshi wa injini ya gari, moshi wa kuni, au rundo la majani na maua yaliyooza katika kona ya banda, kila kimoja kinatosha. Ondoa vyanzo hivyo, fungua madirisha, na tupa maua yaliyozeeka siku hiyohiyo. Baridi nayo husaidia, kwa kuwa ua lililopoa huitikia ethilini polepole. Wakulima wakubwa huongeza kinga: huyasimamisha maua kwa muda katika maji yenye mchanganyiko wa madini ya fedha, unaojulikana kwa kifupi STS, ambao huzuia ua lisiihisi ethilini, au huyafungia kwa saa chache katika chumba chenye gesi ya 1-MCP, iliyovumbuliwa na Edward Sisler na Sylvia Blankenship wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na kupewa hataza mwaka 1996. STS hurefusha maisha ya karnesheni kwa kiasi kikubwa, lakini fedha ni metali nzito na mabaki ya mchanganyiko huo hayapaswi kumwagwa ovyo, kwa hiyo kwa mkulima wa kiasi chako ningependekeza usafi na baridi kwanza. Ungeshangaa ni kiasi gani cha hasara huisha kwa kuhamisha kikapu cha matunda.

Nimebakiza mimea ya chungu, ambayo huonekana haina haja ya uangalizi kwa kuwa ina mizizi yake. Mmea huo haukupoteza maji, ulipoteza mwanga. Ulipokuwa bustanini ulijenga majani ya juani, madogo na manene, yanayohitaji mwanga mwingi ili yatengeneze chakula kingi kuliko kinachotumika kwa kupumua. Ukiuingiza chumbani, ambako macho yetu yanaona mwanga wa kutosha lakini mmea unapata sehemu ndogo sana ya ule wa nje, majani hayo yanakuwa mzigo: yanatumia zaidi ya yanavyoingiza. Mmea huyapukutisha, na *Ficus benjamina* ni maarufu kwa tabia hiyo. Charles Conover na Richard Poole, waliofanya kazi katika Chuo Kikuu cha Florida, walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba tatizo hili huzuiwa kabla ya kuuza: mmea huzoeshwa kivuli kwa wiki kadhaa, mbolea ikipunguzwa, ili ukuze majani yanayoridhika na mwanga mdogo.

Hilo ndilo ningekuomba ulifanye. Tenga sehemu yenye wavu wa kivuli, uhamishie humo mimea inayokaribia kuuzwa, punguza mbolea hadi kidogo sana, na kabla ya kuuza mwagilia mara moja maji mengi yanayopita hadi chini ili yaondoe chumvi za mbolea zilizobaki kwenye udongo. Chumvi hizo hazileti shida bustanini, ambako mmea hunywa sana, lakini chumbani huunguza mizizi. Ukisafirisha, kumbuka kwamba giza na ethilini vikikutana ndani ya sanduku hufanya majani na matumba yadondoke. Funga siku ya kuondoka na ufungue mara ifikapo. Mimea mingi ya majani yenye asili ya misitu ya joto, kama vile aglaonema na diefenbachia, isipatwe na baridi ya chini ya nyuzi 13. Poinsetia iliyobanwa muda mrefu ndani ya mfuko wa plastiki hulegeza majani yake kuelekea chini, jambo ambalo wanunuzi hudhani ni kiu.

Mimea inayouzwa kwa ajili ya maua yake, kama haibiskasi, begonia au kalankoe, iuzwe ikiwa na maua kadhaa yaliyokwisha kufunguka, kwa kuwa matumba yaliyokaza mara nyingi hayapati chumbani mwanga wa kuyafungua, nayo hudondoka.

Na mnunuzi mwenyewe umweleze jambo moja kwa maneno yasiyo na shaka, kwa kuwa ndilo linaloua mimea mingi ya ndani: mmea ulio kwenye mwanga mdogo hunywa maji kidogo sana kuliko uliokuwa ukinywa bustanini. Aingize kidole kwenye udongo hadi sentimita 2 au 3, amwagilie tu pakiwa pamekauka, na asiache chungu kikae ndani ya maji yaliyotuama kwenye sahani ya chini. Mizizi iliyozama hukosa hewa na kuoza, kisha majani hulegea kama ya mmea wenye kiu. Mwenye nao huongeza maji, na hapo unakufa. Mwambie pia kwamba majani machache ya chini yakidondoka katika wiki za mwanzo asikimbilie mbolea wala kubadilisha chungu. Auache mahali pamoja, karibu na dirisha, na aangalie ncha za matawi: zikianza kutoa majani mapya, yatakayokuwa mapana zaidi na yasiyo manene kama ya zamani, mmea umezoea chumba, na mbolea kidogo inaweza kuanza.